Mama Yake Masala Kulangwa Aliitwa Nani?

Katika ukurasa mmoja wa kitabu changu kuna gamba la dagaa lililokauka. Limeganda pembeni kabisa mwa maandishi, dogo kuliko punje ya ulezi, na ukikielekeza kitabu kwenye mwanga bado linameta. Ninajua lilivyofika hapo. Msichana wa darasa la sita aliyekiazima kitabu hicho anaishi karibu na ufukwe hapa Igombe, Mwanza, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule, pamoja na Jumamosi nzima mpaka mchana, kazi yake ni kugeuza dagaa wa mama yake walioanikwa juu ya nyavu kuukuu. Alikuwa akisoma huku akigeuza. Alipokuja kukirudisha aliomba radhi kwa sababu kurasa zilikuwa zinanuka samaki, nami nikamwambia kwamba hakuna kosa lolote, ila anieleze amefika wapi. Akajibu kwa pumzi moja: "Anti, wamefika Johannesburg, lakini mama yao hajaruhusiwa kuondoka!"

Nina duka dogo la vifaa vya shule, na nyuma ya kaunta, chini ya maboksi ya madaftari, ninaweka sanduku la bati lenye vitabu vya hadithi. Kwa miaka sita sasa, kila Jumamosi baada ya saa tisa alasiri, watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili huja kukaa kwenye mkeka barazani, tukasoma kwa sauti kwa saa moja hivi, kisha anayetaka huandika jina lake kwenye daftari la kuazima na kuondoka na kitabu. Mimi si mwalimu na sina mtaala. Nina daftari hilo la kuazima, na kutokana nalo nimejifunza mambo ambayo nimekuwa nikitaka kuyaandika kwa muda mrefu, hasa kuhusu vitabu vinavyowapa wanawake na wasichana heshima yao, na jinsi vilivyo vichache kwa wasomaji wa umri huu.

Umri wenyewe ni wa tabu. Mtoto wa darasa la pili ana vitabu vyake vya picha, vyenye sentensi mbili kwa kila ukurasa, na mtu mzima ana riwaya zake. Aliye katikati, mwenye miaka 11 hadi 15, hana rafu yake. Amekwisha kuvichoka vitabu vya sungura na fisi, lakini riwaya kubwa za Kiswahili zinamzungumzia mambo ambayo bado hayajamfikia, au yamemfikia kabla ya wakati wake na angependa kuyasahau walau kwa saa moja. Juu ya hilo, akivuka kutoka darasa la saba kuingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inabadilika, na mtoto aliyekuwa msomaji hodari wa Kiswahili mwezi Desemba anajikuta Januari anakwamia katika aya ya kwanza ya kitabu cha Kiingereza. Wengi huacha kusoma hapo hapo. Katika daftari langu ninawaona wanavyopotea: jina linajirudia kila wiki, kisha linakuja mara moja kwa mwezi, kisha halionekani tena.

Kitabu chenye gamba la dagaa ni *Journey to Jo'burg* cha Beverley Naidoo, kilichotoka mwaka 1985 na kupigwa marufuku Afrika Kusini hadi mwaka 1991. Kiingereza chake ni chepesi, na tulikisoma barazani kwa njia yetu wenyewe, yaani mtoto mmoja anasoma aya kwa Kiingereza, mwingine anaisimulia kwa Kiswahili, na wengine wanamsahihisha kwa kelele. Naledi ana miaka 13. Mama yake anafanya kazi za ndani Johannesburg, zaidi ya kilomita 300 kutoka kijijini, na mdogo wao wa mwisho, Dineo, anaumwa sana huku nyumbani hakuna fedha za hospitali. Naledi anaamua kwamba yeye na mdogo wake Tiro watamfuata mama yao, wakianza kwa miguu. Hakuna mtu mzima anayemtuma. Wanalala kwenye shamba la machungwa, wanapata lifti ya lori, wanafika kwenye jiji lisilowataka, na hata wanapompata mama, mwajiri wake anamtaka abaki mpaka kesho yake kwanza kwa sababu usiku ule ana shughuli zake.

Watoto walikaa kimya tulipofika hapo. Kisha mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya kukaa kivulini tu, akauliza kwa nini Tiro hakuongoza safari, maana yeye ndiye mwanamume. Sikumjibu. Msichana wa darasa la sita, yule yule wa dagaa, alimjibu bila hata kugeuka: "Kwa sababu wazo lilikuwa la Naledi." Tangu siku hiyo swali ninalouliza kwanza kuhusu kila kitabu kinachoingia sandukuni ni hilo: katika hadithi hii, nani ameamua? Nimekuja kuona kwamba swali hilo moja linachuja kuliko maelezo yote yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Viko vitabu vingi vyenye msichana kwenye jalada ambavyo ndani yake msichana huyo haamui chochote. Anaokolewa, anashauriwa, anaonewa huruma, anapelekwa shule na mfadhili, na mwisho anashukuru.

Nilipokuwa na umri wa watoto hawa, msichana niliyekutana naye vitabuni alikuwa onyo. Katika shule niliyosoma, kila tulipokaribia kufunga muhula, wasichana tulibakizwa darasani tusomewe hadithi ya binti aliyedanganywa kwa chipsi na nauli, akapata mimba, akafukuzwa, akapotelea mjini au akafa, wakati wavulana wameruhusiwa kwenda kucheza mpira. Nakumbuka jinsi kelele za mpira zilivyokuwa zikiingia dirishani huku sisi tukiambiwa tuinamishe vichwa na kutafakari. Hatukuwahi kusomewa hadithi hata moja ambayo mvulana anaonywa. Wala hatukuwahi kusomewa hadithi ambayo msichana anafika mwisho akiwa anacheka.

Sisemi kwamba maonyo hayakuwa na sababu. Mimba za utotoni zilikuwepo na zipo, na mtoto anastahili kuambiwa ukweli. Lakini ukweli nao hubadilika. Mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida, na bado hadithi nyingi ambazo watoto wanapewa zinaishia pale pale zilipokuwa zikiishia zamani, mlangoni, siku ya kufukuzwa. Ninasubiri kwa hamu hadithi inayoanzia siku ya kurudi: msichana wa miaka 16 anaingia darasani akiwa na daftari jipya, amemwacha mtoto kwa bibi, na anayeketi naye dawati moja ni mtoto wa mwisho wa mjomba wake. Hiyo ingekuwa hadithi.

Ninapozungumzia maonyo siwezi kumruka Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho meli za kutoka hapa Mwanza hukifikia kwa saa chache tu. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka mwaka 1971, na kuna wakati ilizuiwa mashuleni. Niliisoma kwa kujificha nikiwa kidato cha pili, nikiwa nimeivika jalada la kitabu cha jiografia. Nilimpenda Rosa kwa sababu alikuwa msichana wa kwanza kitabuni aliyeishi mahali ninapopajua, akavuka ziwa kuja kusoma Mwanza. Nililia alipokufa. Nilipoisoma tena nikiwa mtu mzima ndipo nilipoona kile ambacho sikukiona utotoni, kwamba mwandishi hakumwandama Rosa bali alimtazama kwa makini Zakaria, baba anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana na kumfungia kiasi kwamba anaingia duniani bila kujua kitu chochote kuhusu dunia. Ni kitabu kikubwa na ningemshauri kila baba akisome. Hata hivyo hakimo katika sanduku langu la bati, kwa sababu msomaji wa miaka 12 hukumbuka kifo cha Rosa na kusahau fimbo ya Zakaria.

Kutoka kisiwa hicho hicho kimetoka kitabu kingine ambacho watu wengi wamekisikia na wachache wamekisoma. Aniceti Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye, akiwa mzee sana. Ninachopenda kuwaonyesha watoto kabla ya kukifungua ni jina lake refu, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Hesabuni, huwa ninawaambia. Watu wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, kila mmoja kwa jina lake, mama karibu na baba, binti karibu na kaka yake. Ni kitabu kinene kupita kiasi kwa mtoto, lakini sura moja moja inasomeka vizuri kabisa, hasa zile za mwanzo, ambapo Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa kuwa hajapata mtoto anayeishi, na ndugu za Myombekere wanamshinikiza aoe mwingine, naye anakataa na kumfuata mkewe ukweni hadi anakubali kutoa pombe ya ndizi aliyotozwa ndipo arudishiwe. Wavulana ndio wanaoshangaa zaidi. Mmoja aliniambia hajui mwanamume hata mmoja ambaye angefanya hivyo. Msichana aliyekaa karibu naye akasema anamjua mmoja, babu yake, na alasiri ile yote iliyobaki tukaitumia kusikiliza habari za babu huyo badala ya kusoma.

Lakini swali lililonifanya niandike leo halikutoka katika kitabu kilichochapishwa. Lilitoka katika hadithi ambayo kila mtoto wa Kisukuma ameisikia. Siku hiyo mvua ilitukimbiza ndani, umeme ukakatika, vitabu havikuweza kusomeka, nikaamua kuwasimulia habari za jitu Shing'weng'we. Jitu lile lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Mwanamke akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, na mtoto huyo alipokua akalitafuta jitu, akaliua, akalipasua tumbo, na watu na ng'ombe wakatoka wakiwa hai. Nilisimulia kama nilivyosimuliwa na bibi yangu, kwa nyimbo na vitisho vyake. Nilipomaliza, badala ya makofi, kikatoka kisauti gizani: "Anti, mama yake aliitwa nani?"

Nilifungua mdomo kujibu nikakuta sina jibu. Miaka yote nimeisikia hadithi hiyo na kuisimulia, na sikuwahi kugundua kwamba mwanamke wa pekee aliyebaki duniani hana jina. Nikampigia simu mama yangu pale pale, aliyezaliwa na kukulia Magu, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mama akafikiri kidogo akasema, "Aliitwa mama yake Masala Kulangwa, mwanangu, kwani kuna jina jingine?" Watoto wakaguna. Na maswali yakaanza kumiminika, mazito kuliko yote niliyowahi kuulizwa barazani. Kama watu wote walikuwa wamemezwa, nani alimzalisha? Alikata kitovu kwa kutumia nini? Alikula nini siku za uzazi, wakati hakuna wa kumpikia uji? Alimwimbia mtoto wimbo gani, na aliwezaje kumbembeleza akilia usiku bila jitu kusikia? Nani alimfundisha huyo kijana kutengeneza silaha, kama si yeye? Msichana wa kidato cha kwanza akahitimisha kwamba Masala Kulangwa alipigana siku moja, na mama yake alipigana kila siku kwa miaka yote ya malezi, tena akiwa peke yake duniani.

Jumamosi iliyofuata walikuja na karatasi. Sikuwatuma. Wanne walikuwa wameiandika upya hadithi hiyo wakimfuata mama, na kila mmoja alikuwa amempa jina. Mmoja aliandika kurasa tatu nzima juu ya usiku wa kwanza ndani ya makapi, jinsi yanavyowasha mwilini na jinsi mtu anavyoweza kujizuia kupiga chafya, kwa ufundi ambao ulinifanya nisimame kuisoma. Kitabu ninachokitaka kwa watoto wa ziwa hili kipo ndani ya karatasi zile nne, kimekunjwa mara mbili, ndani ya sanduku langu.

Basi vipo vitabu gani leo, kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuanza? Nitaje vile ambavyo daftari langu linanionyesha vinatoka na kurudi vimechakaa.

*Hawa the Bus Driver* cha Richard Mabala kimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vitabu vya kusoma vya kidato cha kwanza na cha pili, na wavulana hukiazima kuliko wasichana, nadhani kwa sababu ya basi. Hilo linanifurahisha sana. Kitabu kinachomtukuza mwanamke kikisomwa na wasichana peke yao kimefanya nusu ya kazi, kwa maana mvulana anayekaa naye dawati moja ndiye atakayekuwa mume wa mtu, kiongozi wa mwalo, dereva mwenzake, au bosi wake. Ndiyo maana barazani kwangu hakuna kitabu cha wasichana na kitabu cha wavulana, na sijawahi kumwambia mtoto yeyote kwamba hiki hakikufai kwa sababu ya jinsia yako.

Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert unahitaji kusomwa pamoja na mtu mzima, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha juu na watoto hukwama. Lakini maisha yenyewe yanawashika. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya kimaskini ya wafinyanzi, akawa anazunguka kuuza vyungu, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri, kwa Kiswahili, wakati ambapo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Watoto wa wauza dagaa wanaijua kazi ya kunadi. Tulipofika kwenye vyungu, msichana mmoja alisimama akanadi dagaa kama mama yake anavyonadi, kwa sauti ya kuvuta, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba ule ni wimbo.

Wangari Maathai anapendwa, na kuna vitabu vingi vya watoto vilivyoandikwa juu yake, ingawa vingi vimechapwa mbali na huku na bei yake haishikiki. Hapa nina malalamiko. Vitabu vinavyokusanya wanawake mashuhuri, kila mmoja na ukurasa wake na picha yake nzuri, huwa vinamfanya kila mmoja wao awe jasiri tangu kuzaliwa. Alizaliwa, alipenda miti, akaanzisha harakati mwaka 1977, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Watoto wanasoma, wanafunga, wanachukua kingine. Wanachotaka kujua ni kama aliogopa. Siku nilipowaeleza kwamba alipigwa akaumia mwaka 1999 wakati akitetea msitu wa Karura, walinyanyua vichwa. Na siku nilipowasimulia alichokieleza mwenyewe katika hotuba yake ya Nobel, kwamba alipokuwa mtoto akitumwa maji mtoni alikuwa akijaribu kuokota mayai ya vyura yaliyojipanga kama shanga, na kila alipopitisha vidole chini yake yalikatika, wawili waliinuka wakasema wamewahi kufanya hivyo hivyo kwenye mabwawa ya mpunga. Kuanzia hapo Wangari alikuwa wao. Mtoto humwamini shujaa akimwona kwanza akiwa na vidole vyenye matope.

Na hapo ninafika kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine yote. Ukisimama kwenye mawe ya hapa Igombe siku isiyo na ukungu unaona visiwa vimejilaza juu ya maji. Huko ziwani, Ukerewe, mwezi Septemba mwaka 1945, mwaka ule ule ambao Kitereza alikamilisha kitabu chake, alizaliwa Gertrude Mongella. Mtoto huyo wa kisiwani alisoma, akawa mwalimu, akawa mbunge na waziri, na mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, hata jina la Mama Beijing likamganda. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Barazani kwangu, nilipolitaja jina lake kwa mara ya kwanza, mtoto mmoja tu kati ya kumi na saba alikuwa amelisikia, na alidhani ni mtu wa Dar es Salaam. Watoto hao hao walikuwa wanamfahamu vizuri Malala Yousafzai, na ni vyema wamfahamu, kwa maana alipata Tuzo ya Nobel akiwa na miaka 17 na habari zake zinawagusa. Walimfahamu kwa sababu kuna kitabu. Wa kwetu, ambaye meli ya kwao inaonekana ikipita, hana kitabu kinachomfaa mtoto wa darasa la sita ambacho nimewahi kukiona dukani, maktaba ya mkoa, wala kwenye maonyesho yoyote niliyohudhuria.

Kitabu hicho kingeandikwaje? Ninakiwaza mara nyingi ninapofunga duka. Kisingeanzia Beijing. Kingeanzia mtumbwini au melini, na msichana anayeondoka kisiwani kwenda kusoma bara, amebeba sanduku, akitazama jinsi nyumba za kwao zinavyozidi kuwa ndogo hadi zinafichwa na mawimbi. Kingekuwa na kurasa zisizopungua themanini, maana shujaa hawezi kutoshea kwenye ukurasa mmoja. Kingekuwa na Kiswahili cha nyumbani, kisichomwogopa mtoto wala kumdharau, na kingetaja samaki kwa majina yao: sato, sangara, furu, ningu. Wachapishaji watasema soko la vitabu visivyo vya kiada ni dogo, na wana haki kulisema, kwa maana wazazi wengi wanaonunua dukani kwangu hununua daftari na kalamu kisha fedha inaishia hapo. Lakini kitabu kimoja katika sanduku la bati husomwa na watoto thelathini kwa mwaka. Nina daftari linalothibitisha.

Mzazi asiye na fedha ya kitabu anaweza kuanza na kile tulichofanya muhula uliopita. Niliwaomba watoto waandike kurasa mbili kuhusu kazi ya mwanamke mmoja wanayemfahamu. Niliweka masharti machache tu: wasiandike kwamba anawapenda na kuwapikia, kwa kuwa hilo tunalijua, bali waandike anajua kufanya nini, alijifunza wapi, amewahi kupata hasara gani na ameamua nini maishani mwake. Wengi walirudi wamechanganyikiwa, wakisema hawakuwahi kumuuliza mama zao maswali ya namna hiyo. Mmoja alijifunza kwamba mama yake anaweza kukadiria uzito wa ndoo ya dagaa kwa kuinyanyua tu, na akakosea kwa kiasi kidogo kuliko mizani ya mnunuzi. Mwingine aligundua kwamba shangazi yake ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha kukopeshana, na kwamba hesabu zote hukaa kichwani kwake mpaka siku ya kugawana.

Mvulana wa kidato cha kwanza, yule aliyeuliza kwa nini Tiro hakuongoza, alichagua bibi yake. Siku ya kusoma bibi mwenyewe alikuja, akasema amefuata kalamu, lakini nilipompatia kalamu aliketi kwenye benchi la nje na hakuondoka. Tukamwamkia shikamoo wote, akaitikia, akajifunika khanga mabegani. Mjukuu akasoma kwa sauti ya kutetemeka: bibi alianza na debe moja la dagaa alilokopa, akalipeleka Tabora kwa treni, akarudi na faida, akaenda tena, mpaka akaweza kununua mtumbwi na kuwakodisha wavuvi, ijapokuwa wazee wa wakati huo walisema mwanamke akiumiliki mtumbwi samaki watakimbia. "Bibi yangu," akasoma, "alifikia kuwa na mitumbwi miwili."

"Mitatu," bibi akasema kutoka kwenye benchi.

Mjukuu akanyamaza, akamtazama.

"Wa tatu ulizama. Lakini nilikuwa nao."

Kijana akakaa chini, akaiweka karatasi juu ya goti, akakata neno "miwili" na kuandika "mitatu" juu yake. Kisha akauliza huo wa tatu uliitwaje, maana mitumbwi yote huandikwa jina ubavuni. Bibi akasema uliitwa Nyamizi, kwa jina la mama yake mzazi. Mjukuu hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Akamwomba alirudie polepole, akaliandika.